Kiti Kimoja au Viwili

Muheto, tarehe 2 mwezi wa sita, 2025

Kwa mdogo wangu Zéphyrin, Walikale,

Nakusalimu wewe, mke wako Chantal na mama yako, Mama Mudogo Pétronille. Huku tunapumua, Mungu asifiwe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu maneno ya simu ni moshi. Leo mtu anasema, kesho anakana, na siku hizi hujui sikio gani lingine limelala kwenye laini. Nijibu nawe kwa karatasi, kwa mkono wa huyu Benoît muuza mawese, na utie sahihi yako chini.

Wazee walikutana Ngungu, nyumbani kwa Baba Mdogo Mbonigaba. Matanga ya Papa yataondolewa mwezi wa nane, maharage yakishaingia ndani. Kwetu Masisi, siku hiyo kiti cha marehemu hutolewa mbele ya nyumba. Wewe ulikulia porini kwa wajomba zako, labda hukuwahi kuona. Kiti cha Papa kiliungua pamoja na nyumba tulipokimbilia Kashuga, na Papa mwenyewe amefia kule kambini akiwa amekalia bidoni ya maji. Kitu chake kilichobaki Muheto ni ile chassis ya gari ya mashindano ambayo mzungu wa shamba la chai alimwachia Papa, fundi wake, alipoondoka. Wezi wa mabati walichukua mwili wote wakaacha mifupa. Basi wazee wamesema: Viateur ni soudeur, kazi yake kuchomelea vyuma, aivike mwili mpya, na kiti cha gari kishike nafasi ya kile kilichoungua.

Unajua mzungu alikuwa na gari mbili za mashindano, zote juu ya chassis ya Coccinelle, ile gari ndogo ya mgongo wa kobe. Moja ya kijani, nyembamba kama muhogo, ya mtu mmoja, waliyoiita monoplace. Nyingine ya rangi ya fedha, haina paa, ya watu wawili, waliyoiita Spider. Mwili umepotea, na chassis haisemi ilikuwa ya ipi. Papa alinieleza mara nyingi alivyoishusha ile ya kijani peke yake kwenye mteremko wa Ngungu, mzungu akipiga makofi. Kwa hiyo nimechagua monoplace. Kazi imeanza.

Kinachokosekana ni moteur, injini yenyewe. Papa aliibeba kwenda kwenu ili izungushe mashine ya unga ya mama yako. Ifungue, ifunge vizuri, uilete. Usiipake rangi.

Ni mimi, Viateur, mtoto wa kwanza wa Ndagijimana

*

Walikale, tarehe 14 mwezi wa sita, 2025

Kaka Viateur,

Barua imefika, na sahihi yako nimeiona, ni kubwa kuliko barua yenyewe. Sisi tuko wazima. Mama anakohoa kidogo. Chantal anakusalimu na anauliza kama huko Masisi mke wa pili huitwa tu pale moteur inapohitajika.

Umechagua. Umemwuliza nani? Kwetu porini, unakosema nilikulia kana kwamba nilinyonyeshwa na nyani, mnyama hachunwi mpaka wote waliomfukuza wafike. Wewe umeshachuna na unaniomba nilete kisu.

Papa alinieleza mimi pia, na hakunieleza muhogo wa kijani. Alinieleza Spider. Mzungu akishika usukani, yeye kando yake, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye bidoni ya essence ya gari, wakila vumbi wote wawili. Alikuwa ananionyesha jinsi alivyokuwa anainama kwenye kona. Mtu hawezi kuinama hivyo kwa hadithi ya uongo.

Basi sikiliza neno langu. Moteur ninayo, inafanya kazi, kila asubuhi inasaga. Itatoka hapa kwa masharti mawili. La kwanza, gari iwe Spider, viti viwili. La pili, isiwe sanamu ya kuweka mbele ya nyumba watu waipige picha. Iende barabarani. Uiweke taa, klaksoni, na garde-boue za kuzuia tope, uinyanyue juu ili isiburute tumbo kwenye mashimo yenu. Nataka itoke Masisi-centre ifike Muheto kwa nguvu zake, na watu wawili ndani.

Najua utauliza mtu wa pili ni nani. Hilo si la kuandika kwenye karatasi.

Na wewe niambie: kwa nini kimoja?

Mdogo wako, Zéphyrin

*

Muheto, tarehe 25 mwezi wa sita, 2025

Kwa Baba Mdogo Mbonigaba, Ngungu,

Shikamoo, Baba. Naomba barua hii usomewe na mtu wa nyumba tu, kisha iende motoni.

Nilikuambia dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto wa Walikale anataka viti viwili. Nilimwandikia kwa upole kuhusu kiti cha Papa, sikumwambia maana yake, na bado amekwenda moja kwa moja palepale. Wewe na mimi tunajua: siku ya kuondoa matanga, anayekaa kwenye kiti cha marehemu mbele ya wazee ameonekana, na mlima wa marehemu, ardhi yote, ni wake. Sasa weka viti viwili. Wataonekana wawili. Na mtu wa pili anakataa kumtaja! Nani asiyeona? Ni yeye mwenyewe. Ameshasikia mahali, na anajifanya mjinga wa porini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baba, mimi si mtu mbaya. Naogopa. Tumerudi kutoka kambini tumekuta jirani amesogeza mpaka hadi kwenye mikalitusi ya Papa. Upande wa bonde wanalima watu ambao hata jina lao siwezi kuuliza. Nina watoto wa kiume, na mlima uliobaki ukiukata katikati, kila mmoja atapata mahali pa kuzikwa tu, si pa kulima. Ndiyo maana nasema monoplace. Kiti kimoja hakina ugomvi. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Nilimwuliza mama yangu, Mama Nyiraneza, yeye ndiye aliyeolewa wakati mzungu bado yupo: gari ya Papa ilikuwa ipi? Alikuwa anachambua maharage. Akanijibu, “Ile gari ilikuwaka gari,” akaendelea kuchambua. Simwelewi siku hizi. Ananiangalia nikichomelea kama vile mimi ndiye ninayeiba mabati.

Naomba wewe na wazee mje muone mifupa ya gari kabla sijaivika bati, ili mtu asije kusema nilijenga kwa siri.

Mtoto wako, Viateur

*

Muheto, tarehe 26 mwezi wa sita, 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Umenichekesha na manyani yako. Hasira za nini? Ngoja nikueleze kifundi. Chassis hii imeliwa na kutu upande wa kulia. Ikibeba watu wawili, itakatika kwenye shimo la kwanza. Mimi ningependa sana Spider, ningependa hata basi, lakini chuma ni chuma. Monoplace inaweka uzito katikati. Taa nitaweka, klaksoni nitaweka, nitainyanyua juu kama unavyotaka. Itakwenda barabarani kweli.

Umeuliza kwa nini kimoja. Ni kwa sababu hiyo tu, sina nyingine.

Nakutumia mchoro ili uone itakavyopendeza: pua, mkia, bomba la moshi linavyotoka nyuma, na vipimo vyote. Msalimie Mama Mudogo.

Kaka yako akupendaye, Viateur

*

Walikale, tarehe 13 mwezi wa saba, 2025

Viateur,

Barua yako imefika, mchoro wako sikuuona. Waliuona watu wa barriere, wale wenye bunduki wanaofunga barabara.

Walimkamata Benoît na bahasha yako. Wakakunjua karatasi: kitu kirefu, kina pua, kina mkia, kina bomba nyuma, na vipimo pembeni kwa mkono wako mzuri. Mkubwa wao akasema, “Hii iko bombe. Banaitengenezea wapi?” Benoît akaapa kwa mama yake kwamba ni gari. Wakamwuliza, “Gari ya muntu moya? Nani anatengeneza gari ya muntu moya mu hii inchi?” Na kweli, kaka, nani kama si wewe? Wamemlaza kwenye shimo lao la kufungia watu, wamekunywa mawese yake yote, yaani wameyauza wakanywa, na amerudi hapa mgongo wake hautazamiki. Kilichomwokoa ni padre aliyepita, aliyejua Coccinelle ni nini.

Sasa niambie. Mtu mzima, soudeur, aliyeishi vita zote hizi, unachora bomu unamtumia mtu wa Walikale kupitia barriere, na ulikuwa huwazi? Mchoro wa Spider ungeonekana gari hata kwa kipofu. Chantal anasema ni bahati mbaya. Mimi nasema uliona kwamba njia fupi ya kubaki na kiti kimoja ni kubaki mtoto mmoja.

Na uongo wako wa kutu. Coccinelle ilibeba mzungu, mke wake, watoto na mbwa. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, nayo inapita Ngungu. Benoît alilala kwa watu kule kabla ya kukamatwa, na kule hata watoto wanajua: anayekaa kwenye kiti mbele ya wazee ndiye anayechukua mlima. Kumbe! Ndiyo maana ya chuma ni chuma.

Nitakuambia ukweli, uumie nao. Sikuwa nauwaza mlima wako. Sikujua hata una rangi gani. Wewe ndiye umenifundisha kuuwaza, na sasa nauwaza kila siku. Nitakuja mwezi wa nane na wajomba zangu, na tutauliza mbele ya watu kama Ndagijimana alizaa mmoja au wawili.

Moteur inabaki hapa, inasaga unga.

Zéphyrin, mtoto wa Ndagijimana pia

*

Walikale, tarehe 15 mwezi wa saba, 2025

Kwa Mama Nyiraneza, Muheto. Asomewe na mtu wa kanisa, si na mtoto wake.

Mimi Chantal, muke ya Zéphyrin, njo ninaandika. Maneno ni ya mama mukwe wangu Pétronille. Nayaweka vile anavyoyasema.

Dada mukubwa, hunijue. Mimi pia sikujue. Bwana wetu alikuwa anasema tu “mama wa kule,” na kwako nafikiri alisema vile vile. Sikuandike juu ya mulima. Mulima ni ya bale banaolima.

Niko na neno moya. Kwetu huku, mujane anaogeshwa na mwanamuke wa upande wa bwana yake. Njo kamba ya matanga inakatwa kwa kiuno. Kama hajaogeshwa, hakule nyama pamoja na benzake, hagusake mbegu. Padre anasema nikate mwenyewe, Yesu amenifungua. Ninamwamini Yesu, lakini mukono yangu inakataa. Bwana alizikwa Kashuga, habari ilinifika wakati majani ilikuwa imeshaota juu yake. Sikutupa hata udongo. Sasa tangu mwaka jana ninakula peke yangu kwa pembeni kama mugeni, mu nyumba ya mutoto wangu.

Hakuna wa upande wenu hapa. Ni wewe tu wa kuniogesha. Na miguu yangu haifike. Kwa moto, ile pikipiki, siwezi kukaa, nyonga ilivunjika wakati tulikimbia. Lori itanifikisha Masisi-centre, kisha hapo? Njo Zéphyrin aliwaza ile gari ya watu wawili: yeye kwa usukani, mimi kando. Nilimukataza kusema. Nilisema, nitaombaje kiti kwa nyumba ambako sijawahi kuitwa? Kumbe kunyamaza kwangu njo kumeleta ubaya. Banaume hawa bawili banajengeana bombe juu ya neno la kuoga.

Kama unakataa, sitakasirika. Nijulishe tu, nijue nikufe na kamba.

Pétronille

(Zéphyrin hajui kama tumeandika. Nimempa barua hii mke wa Benoît, kwa sababu Benoît mwenyewe hataki kuona bahasha tena. — Chantal)

*

Muheto, tarehe 4 mwezi wa nane, 2025

Zéphyrin,

Kuna barua ilimfikia Mama yangu bila kupitia mkononi mwangu. Sijui nani alimsomea. Nimeuliza kanisani, nimeuliza sokoni, wote wanaangalia juu. Nitamjua tu.

Juma lililopita wazee walikuja kutoka Ngungu kuona kazi. Nilikuwa nimemaliza mifupa ya monoplace: pua, mkia, magurudumu manne, kiti kimoja katikati. Nilikuwa nimejivuna, sitaficha. Baba Mdogo Mbonigaba alikuwa anaizunguka akigongagonga chuma na fimbo. Ndipo Mama akatoka jikoni. Akalaza fimbo yake chini, akapandisha kitenge, akaweka mguu mmoja ndani, kisha wa pili, akakaa. Tukacheka. Tulifikiri anatuchekesha.

Akasema, “Mumeniona?”

Baba Mdogo akamwambia, “Mama, siku haiyafika.”

Akajibu, “Hiki kilio njo ninakilia mimi. Siku yake ninaijua mimi. Nimekaa, mumeniona. Sasa nani atanitosha, nani ataniinua humu?”

Na ni kweli. Mtu akishakaa na wazee wamemwona, anainuka kwa hiari yake tu. Mlima huu nilioulinda kwa chuma cha kuchomelea, Mama ameuchukua wote kwa makalio. Na hakuinuka. Alikula mle. Wazee walipoaga, alikuwa mle. Nikamwomba, akanitazama akasema, “Weka kiti ya pili hapa kando. Mwenzangu iko anakuja. Nitatoka kama nimeiona.”

Basi nilikata ubavu wa kulia wa muhogo wangu. Nilikata yeye akiwa ndani, nimemfunika blanketi lililoloa maji kwa sababu ya cheche, na chini ya blanketi alikuwa ananieleza jambo la kamba ya mama yako. Neno kwa neno. Nilizima poste ya kuchomelea. Zéphyrin, nilidhani ni wewe mtu wa pili. Niliapa hivyo kwa Baba Mdogo. Ungeandika mstari mmoja tu, “ni mama”! Na mimi ningeandika mstari mmoja, “naogopea mlima.” Tuliandika kurasa ngapi ili tusiandike hiyo miwili? Najiona vibaya, na najiona vibaya zaidi kwa Benoît. Mwambie nitakwenda mwenyewe kumwomba msamaha. Mchoro sikuutuma kwa ubaya. Hilo uniamini au usiniamini.

Kiti cha pili kimekwisha. Upande wa kulia umevimba, upande wa kushoto umebaki mwembamba, pua imekaa si katikati. Si monoplace na si Spider. Fundi yeyote akiiona atalia. Lakini ina taa, ina klaksoni ya lori, imenyanyuka juu, na garde-boue nimezipiga kutoka kwenye mapipa. Mama alishuka akaenda kuchemsha majani ya kuogea, kuona kama sufuria inatosha.

Leteni moteur kwenye lori hilohilo la kumleta Mama Mudogo, yeye akae mbele kwa dereva. Nitawangoja Masisi-centre na gari ikivutwa na ng'ombe wa jirani, yule aliyesogeza mpaka. Amenikopesha bila kuniuliza ni ya nini, na hilo pia linanitia wasiwasi. Moteur tutaifunga palepale mimi na wewe. Nitaifungua kwanza nione kama pistoni ni zilezile.

Kisha mama hao wawili watapanda, mmoja atashika usukani ingawa wote hawajui kuendesha, na mimi na wewe tutakimbia kando tukishika, mmoja kila upande. Ndivyo Mama alivyoamua. Nilimkumbusha kwamba wakiingia hapa wamekaa wote wawili, wazee wakaona, basi nyumba yenu imeonekana sawa na yetu, na mlima ni wa nyumba zote mbili.

Nilimwuliza kwa mara ya mwisho gari ya Papa ilikuwa ipi kati ya zile mbili, angalau nijue niliharibu ipi. Akasema, “Zote mbili zilikuwaka za muzungu. Ya kwetu njo hii.”

Nikauliza, “Na mulima, Mama? Tutakaa wote namna gani?”

Akaniangalia, akaangalia gari, akasema, “Mulima iko na nafasi kupita hii gari.”

Viateur